Nesi Aliyetusubiri Joshoni

Akitaka kukuchoma sindano, Nesi alikuwa anakuuliza kwanza habari za ng'ombe wenu. Wa rangi gani, wangapi wanakamuliwa, yule dume mwenye baka usoni bado mnaye au mmemtolea mahari. Msukuma hawezi kuulizwa ng'ombe akanyamaza. Ulikuwa unaanza kumtajia mweupe, na wa madoadoa, na ndama wa yule mweusi, na kabla hujafika kwenye mitamba umeshachomwa, pamba imeshabanwa, na yeye anasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, akikuita mama kwa Kisukuma, "Haya mayu, vaa. Waliobaki utanimalizia siku nyingine."

Mimi nilimtajia hata ng'ombe ambao hatukuwa nao. Dawa niliyochomwa mimi ilikuwa nyeupe na nzito, ya kusukumwa polepole, na mchomaji akizubaa inaganda ndani ya sindano na kazi inaanza upya. Tako la kushoto kwanza, halafu la kulia. Siku hiyo nilikuwa na zizi kubwa kuliko la mtu yeyote wilaya nzima ya Bariadi, maana miaka hiyo hata sisi wa Migato na Zagayu tulikuwa bado wilaya ya Bariadi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kaswende. Naliandika jina lake wazi kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kulisema. Watu wa kwetu walikuwa wanalizunguka. Wengine waliuita ugonjwa wa msimu, kwa kuwa uliwaka baada ya pamba kuuzwa, wengine walisema tu "ule", wakaangalia pembeni. Nesi alisema kaswende kama mtu anavyosema mahindi. Mama mmoja kwenye foleni alipomnong'oneza kwamba ana aibu, alimjibu kwa sauti tuliyoisikia wote, "Mficha uchi hazai. Wewe umekuja hapa kuzaa au kuficha?"

Alikuwa mfupi, mpana, na gauni lake jeupe la kazi lilipigwa pasi ya mkaa mpaka likasimama lenyewe. Miguuni alivaa katambuga, zile ndala za matairi wanazovaa wachunga ng'ombe. Wakubwa wa afya walipokuja kukagua aliwapokea hivyo hivyo, gauni kama la harusi na miguu ya porini. Kabila lake sikulijua. Kisukuma alikiongea haraka na vibaya, akichanganya maneno ya jike na ya dume, na hakuna aliyethubutu kumcheka mpaka acheke mwenyewe. Alikuwa mtu ambaye ukikaa naye unayeulizwa ni wewe, kwa hiyo tuliishi naye miaka yote hiyo yeye akijua mambo yetu na sisi hatujui yake.

Vituko alikuwa navyo vingi. Yeye aliyechoma watu tangu asubuhi, akiumwa malaria hachomwi. Alimeza vidonge vichungu wiki nzima huku anatapika, lakini sindano hataki kuiona ikimjia. Alikuwa anaimba kwaya kanisani kwa sauti inayoharibu wimbo, na mwalimu wa kwaya hakujua afanyeje, kwa sababu mke wake alizalishwa naye. Waganga wa ramli aliwasema vibaya kila Jumatano ya kliniki, halafu Jumamosi unamkuta mnadani anakunywa chai na mmoja wao, wanacheka. Ukimuuliza, anasema, "Yule anajua nani anaumwa kabla yangu. Nimnunie ili iweje?"

Na jambo moja alilipiga vita kuliko yote: kukandwa tumbo. Kwetu mjamzito anakandwa na mama mkwe wake kwa samli, ili mtoto alale vizuri. Nesi hakutaka hata kusikia. Alisema wakandaji wengine wanabonyeza kama wanakamua, kondo linabanduka, mtoto anakufa. Alilipiga marufuku mwaka hadi mwaka, na sisi tukaitikia mwaka hadi mwaka, tukarudi nyumbani tukakandwa. Lishikeni hilo la kukanda, kwa sababu ndilo lililonifanya nimstaajabie mwanamke huyu mpaka leo.

Miaka ile ndiyo soko huria lilikuwa limeingia. Kabla yake pamba iliuzwa kwenye chama cha ushirika na ukasubiri malipo mpaka ukasahau kama ulilima. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, mizani hapa, mizani pale, fedha mkononi siku hiyo hiyo. Bariadi mjini zikafunguliwa gesti, maduka ya dawa, mabanda ya mitumba, kreti za bia zikapangwa mpaka darini. Wanaume waliondoka na pamba wakarudi na magodoro, redio, na kaswende. Nesi alisema soko huria limetuletea kila kitu, hata ambavyo hatukuagiza.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya, na simwandiki hapa ili kumwaibisha. Alikuwa kijana mwenye pamba iliyouzwa. Alipata kidonda mahali pa siri, hakimuumi hata kidogo, akafanya ambalo naamini wafugaji peke yao wangelifanya: alichukua ile dawa ya njano ya kuchoma ng'ombe, akajichoma mwenyewe pajani. Kidonda kikapona. Akaona amemaliza, akaona na mimi hainihusu. Hayo nilikuja kuyajua baadaye sana.

Mimi nilichojua ni kwamba watoto wangu wanazaliwa wamekufa. Watatu, mmoja baada ya mwingine, mimba zikiwa kubwa kabisa, nikiwa nimeshawahisi wakicheza. Wote nilijifungulia nyumbani, na wote walipokelewa na mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyenikanda. Sitaeleza machungu yake. Aliyepitia anayajua, na ambaye hajapitia Mungu amwepushe.

Baada ya mtoto wa tatu, shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, alienda kwa mfumu upande wa Mwamapalala. Mfumu kwetu anasoma kuku. Anampasua kifaranga, anaangalia mabawa na matumbo, anakwambia kilichopo nyumbani kwako. Kuku wa kwetu alisema mkono unaogusa tumbo umo ndani ya kaya, na ni wa mwanamke mtu mzima. Jina halikutajwa, na halikuhitajika.

Basi chakula alichopika mama mkwe kikaanza kubaki chunguni. Wanawe wakawa wanamwamkia huku wanaangalia ng'ombe. Nilimwona tu ameanza kulala na mlango umefungwa kwa gogo. Miaka ile vikongwe walikuwa wanakatwa mapanga huku kwetu kwa sababu ya macho mekundu tu, na macho mekundu ni ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe tunachopikia wote. Mimi niliamini nini? Niliamini nusu. Mtu aliyezika watatu anaamini chochote anachopewa.

Nilipopata mimba ya nne nilienda kliniki, na mama mkwe akanisindikiza. Alibaki nje kwenye ua, kama mgonjwa wa ukoma. Nesi alinipima, akanisikiliza, halafu badala ya kuendelea kuniuliza mimi, akatoka mlangoni akamwamkia yeye kwa Kisukuma.

"Mwangaluka mayu. Wewe ndiye uliyewapokea?"

"Ni mimi."

"Kondo la nyuma lilikuwaje?"

Mama mkwe alishangaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza kitu kuhusu vifo vile isipokuwa kwa macho. Alifikiri, akainua viganja kana kwamba amelishika. "Kubwa," akasema. "Zito, limepauka. Kama la mtoto mwingine, mkubwa kuliko yule."

"Wote watatu?"

"Wote."

Nesi alifumba macho kidogo. Kisha akaniangalia viganja, akanivua viatu akaniangalia nyayo, akaniuliza kama niliwahi kutokwa na vipele hapo visivyowasha. Nilikuwa nimevipata mwaka nilioolewa, vikaja vikaenda, nikadhani ni jembe. Akanitoa damu, na dereva wa lori la pamba akaipeleka hospitali Bariadi. Majibu yaliporudi hakuonyesha kushangaa.

Alinikalisha akanieleza. Alikuwa na kipaji cha kueleza, na ndicho kilichonifanya nimpende. Alisema wadudu wa kaswende ni wembamba mno, wamejipinda kama kizibuo, na peke yao wangeonekana wapole. Wanaingia bila maumivu, kidonda kinapona chenyewe, hata ukikipaka mate kitapona, na hiyo ndiyo hila yao, kwa maana kikipona juu wao wamezama ndani. Ubaya mwingi, alisema, unafanywa na mwili wenyewe ukipigana nao. Mwili unawaka. Mishipa ya damu inavimba, kuta zake zinanenepa, njia inabana. Kwa watu wengine inachukua miaka, inafika kwenye moyo, kwenye macho, kwenye ubongo, mtu anakuwa kichaa na watu wanatafuta aliyemroga. Kwa mjamzito kondo ndilo linalovimba. Linakuwa kubwa lakini halipitishi. "Mtoto anakufa njaa na chakula kipo mezani," akasema. "Hajarogwa, mayu. Na wewe hujarogwa."

Nililia pale kuliko nilivyolia kwenye makaburi matatu.

Alikuwa anapenda kutusimulia foleni nzima jinsi watu wa zamani walivyohangaika. Ulaya, alisema, walikuwa wanapakwa zebaki, ile fedha inayokimbia ndani ya kipimajoto, wanafungiwa chumba cha moto watoke jasho, meno yanang'oka, na wengi waliuawa na dawa kabla ya ugonjwa. Baadaye wakachomwa sindano zenye sumu ya kuulia panya, kidogo kidogo, mwaka mzima. Wazee wetu wenyewe walikumbuka enzi za mkoloni walipopangwa mstari kuchomwa sindano ya buba, ambayo alisema ni ndugu wa kaswende, na ndiyo maana mzee wa Kisukuma ukimpa kidonge anaona umemdharau. "Na mwishoni dawa ikapatikana wapi?" alituuliza. "Kwenye ukungu. Ule ule mnaoufuta kwenye kiporo mkiona umeota." Alikuwa akisema hivyo anaishika ile chupa ndogo ya unga mweupe juu ya mwanga, anaitikisa, na uso wake unakuwa wa mtu aliye kanisani. Nami nilikuwa naiangalia kwa macho hayo hayo. Mpaka leo nikiona ukungu kwenye ugali wa jana siufuti haraka.

Lakini kunitibu mimi peke yangu kusingetosha. Mume hakuja kliniki. Mwanaume wa kwetu hakanyagi mahali wanapopimwa wajawazito, hata umwandikie barua ya polisi. Nesi alilijua hilo zamani, na alikuwa na dawa yake. Siku ya kuogesha ng'ombe alifunga kisanduku chake nyuma ya baiskeli akaenda joshoni.

Pale mwanaume hawezi kukimbia. Ng'ombe wake wameshaingia kwenye foleni, akiondoka watachanganyika na wa watu. Nesi alisimama kule wanakotokea, wakati wanadondosha maji ya dawa, akawaamkia wanaume wote kwa heshima, akauliza kama mgeni asiyejua kitu, "Mbona mmeleta na madume? Dume ni mmoja tu zizini. Si mngemwacha nyumbani, mkaogesha majike?"

Wanaume wakacheka. Mzee mmoja akamhurumia, akamweleza polepole kama anavyoelezwa mtoto kwamba ukiogesha majike ukaacha dume, kupe wa dume kesho wako kwa majike, na dawa yako umeimwaga bure.

"Wabeja, baba," akashukuru Nesi. "Basi wake zenu nimeshawaogesha. Nimefuata madume."

Walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka, na wakishacheka hakuna wa kununa. Alijiweka nyuma ya kibanda cha dawa ya josho, na wao wakawa wanakwenda huko mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya anakwenda kuangalia kipimo cha dawa ya kupe. Mume wangu alinisimulia mwenyewe jioni ile. Alimwambia Nesi kwa majivuno kwamba yeye alishajitibu, akamtajia ile ya njano. Nesi hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Ulijipimia uzito wa nani?"

"Wa ndama," akasema mume wangu.

Nesi akakaa chini kwa kicheko. Alipomaliza akajifuta machozi, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba watoto wake watatu walikufa kwa ugonjwa aliodhani ameuponya, na kwamba mama yake mzazi yuko mbioni kufa kwa ugonjwa huo huo ingawa hana hata chembe yake. Mume wangu alichomwa bila kuulizwa ng'ombe. Alikuja nyumbani akakaa karibu na zizi mpaka jua likazama, na nilipompelekea maji ya kuoga nikaona amelia.

Hapo ndipo niliposema tumepona. Lakini mume wangu alikuwa mdogo kwao, na mdogo hasemi mbele ya kaka zake. Shemeji mkubwa aliamua mama aondoke, akae kwa dada yake Mwamapalala mpaka nijifungue. Mimi nilishukuru. Niliona ni huruma: atakuwa mbali, yuko salama, nami nitazaa. Nesi aliposikia uamuzi huo alikuja kwetu, akakataa.

Tulikuwa uani, mchana, wanaume kwenye vigoda na mimi pembeni kwenye ngozi. Alisimama.

"Mama haondoki," akasema. "Anabaki hapa, na anamkanda huyu kama alivyowakanda wale."

Nilidhani sikusikia vizuri. Huyu ndiye aliyetukataza kukanda tangu tumjue.

Shemeji akamwangalia. "Nesi, si wewe unayesema kukanda kunaua?"

"Nimesema, na nitasema tena kesho. Nitamfundisha akande kwa mkono mwepesi, na kila akikanda nitakuwepo."

"Kwa nini asiende tu?"

"Kwa sababu akienda, na mtoto akazaliwa mzima, mtasema nini?"

Hapo ndipo hata mimi nikaelewa. Akiondoka, mtoto akapona, basi kuku alisema kweli: mkono umeondolewa, mtoto ameishi. Mtoto wangu akizaliwa mzima ndiye angekuwa shahidi wa kumuua bibi yake. Njia ilikuwa moja tu, mikono ile ile iguse tumbo lile lile, na kilichobadilika kiwe sindano peke yake.

"Na mtoto akifa?" akauliza shemeji.

"Akifa, njooni kwangu kwanza. Mimi ndiye niliyesema."

Nimewaona wanasiasa, nimewaona wahubiri wakubwa. Sijaona tena mtu akisimama vile, na katambuga miguuni, akajiweka mbele ya wanaume wenye mapanga nyumbani. Nilimstaajabia, na papo hapo nikamwogopa. Kwa sababu hata kama angeanza yeye, shingo iliyokuwa rehani haikuwa yake peke yake. Mama mkwe alikuwa jikoni, mlango wazi, anasikia kila neno, na hakuna aliyemuuliza.

Sindano zangu zilikuwa tatu, wiki kwa wiki. Kabla ya ile ya kwanza Nesi aliwaita wote akawaambia, "Leo jua likishuka atatetemeka, atapata homa, tumbo litamkaza. Msitafute mchawi. Wadudu wanakufa wengi kwa pamoja, na mwili unawaka kuwazika. Kesho ataamka." Jioni ikawa hivyo hivyo, baridi kali, meno yanagongana, tumbo linakaza nikadhani ndiyo basi. Shemeji alisimama mlangoni, ananiangalia kama anayesoma kuku. Asubuhi nikaamka, nikaomba uji. Nadhani ni asubuhi hiyo shemeji alipoanza kusita, kwa sababu mfumu hakuwahi kumwambia jambo kabla halijatokea.

Na kila wiki Nesi alikuja na baiskeli yake. Nililazwa uani kwenye ngozi, mchana kweupe, ng'ombe wakitazama, na mama mkwe akanipaka samli. Nesi alichuchumaa pembeni, akisema, "Polepole mayu. Kama unamfuta mtoto uso." Mtoto akipiga teke, mama mkwe aliinyanyua mikono haraka kama ameungua, na Nesi alikuwa anamshika vifundo anairudisha.

Nilijifungulia zahanati, asubuhi. Sitasahau ule muda mfupi kati ya kutoka na kulia. Nesi alimfuta, akamgeuza, akampuliza, na mimi nilikuwa naangalia mgongo wake tu. Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, msichana, na nje nikasikia wanaume wakisogea mlangoni. Nesi alimtazama viganja na nyayo, akamchoma na yeye sindano yake, halafu akafanya jambo ambalo mkunga mwingine asingelikumbuka. Alichukua kondo kwenye beseni, akamwita mama mkwe ndani, akamwekea mikononi.

"Pima," akasema.

Mama mkwe alilishika. "Jepesi," akasema. Akaliangalia tena. "Jekundu."

Shemeji hakuomba radhi kwa maneno, hilo kwetu ni gumu. Alichinja mbuzi, na sahani ya kwanza alimpelekea mama yake kwa mikono yake mwenyewe, akakaa chini akala naye. Jumatano iliyofuata nilimsikia Nesi kliniki akiwafokea wanawake kwamba kukanda tumbo kunaua, kana kwamba mwezi mzima hakuwa uani kwetu. Alinikonyeza, akaendelea kufoka.

Soko huria lilipokomaa, dawa ya josho ikawa ya kununua wenyewe, watu wakashindwa kuchangishana, kila mmoja akanunua bomba lake la kupulizia. Josho likakauka, mbuzi wakawa wanalala humo. Nesi alisikitika kuliko wenye ng'ombe. Alihamia kwenye mizani ya pamba, anawangoja wanaume pale wanaposubiri kupimiwa, akilalamika kwamba pamba haina jike wala dume, hajui aanzie wapi hadithi. Siku hizi binti yangu akienda kliniki anatobolewa kidole, na majibu ya kaswende na ya virusi yanatoka kabla hajamaliza kusalimiana na jirani, na mume wake amekaa naye kwenye benchi. Dawa, ikikutwa ipo, bado ni ile ile nyeupe.

Mara ya mwisho nilimkuta Bariadi mjini, amestaafu, anaishi nyuma ya soko. Miguu ilikuwa imevimba na macho yamepungua, akanijua kwa sauti. Nilikuwa nimekwenda kumpa taarifa kwamba mama mkwe wangu amefariki.

"Amekufaje?" aliuliza.

"Usingizini. Kitandani kwake. Wajukuu walienda kumwamsha anywe uji."

"Kitandani kwake," akarudia, na machozi yakamtoka bila sauti.

Nikaona nisipouliza leo sitauliza tena. Nikamwambia kwamba namheshimu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, lakini kuna jambo limenikaa kooni miaka yote. "Ulikuwa na uhakika mtoto atapona?"

"Hapana," akasema. "Dawa naijua. Lakini mimba ilikuwa imeshakuwa kubwa, na mwili uliokwisha kuungua haurudi wote. Nilikuwa naendesha baiskeli kuja kwenu naomba Mungu njia nzima."

"Basi uliwezaje kumweka yule mama rehani, na hakuulizwa?"

Aligeuza uso akanitafuta kwa macho yake mabovu.

"Nilimuuliza," akasema. "Siku ile nilianzia jikoni kwake kabla sijaja kwa wanaume. Nikamwambia, mayu, wanataka uende kwa dada yako. Ukienda, kwa leo uko salama. Ukibaki ukamgusa huyu mtoto, na dawa ikawa imechelewa, sina cha kukukinga nacho. Nenda kama unataka, sitakulaumu."

"Akasemaje?"

"Alikuwa anasonga ugali. Akauacha mwiko, akaiangalia mikono yake, mbele na nyuma. Akaniambia, 'Nesi, mfumu amesema ni hii. Wanangu wamesema ni hii. Na wale watoto watatu niliwapokea na hii hii, wafu. Niache nimkande. Hata mimi nataka kujua.'"